Kuchagua piki ya gitaa: tuanze na ncha na ukingo kabla ya kuuliza unene

Nyuzi Sita (Arusha), mwanzilishi wa uzi

Habari zenu wanajukwaa, hasa wapigaji wa gitaa mlioko Arusha, Moshi na vitongoji vyake. Nafungua uzi huu kwa sababu kijana anayeanza kupiga katika bendi au kwaya, anapotaka kununua piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi za gitaa, huuliza jambo moja tu, nalo ni unene, na muuzaji naye humjibu kwa namba moja. Kijana hurudi nyumbani na piki yenye unene ule ule alioelekezwa na rafiki yake, lakini sauti anayoitoa haifanani kabisa na ya rafiki huyo, hata kama gitaa ni lile lile. Msimamo wangu, ambao nitautetea hapa na ninaomba mwenye hoja tofauti ailete, ni kwamba kinachoamua sauti ya piki kwanza ni umbo la ncha na jinsi ukingo wake ulivyolainishwa, kisha unene, na malighafi huja baada ya hayo mawili.

Sababu iko kwenye uzi wa gitaa wenyewe. Piki inapousukuma uzi, sehemu inayoguswa hupinda kufuata umbo la ncha kabla haijaachiliwa. Ncha iliyochongoka huukunja uzi katika nukta ndogo, kwa hiyo uzi huanza kutetema ukiwa na kona kali, na kona hiyo ndiyo inayozaa zile sauti za juu zinazoambatana na noti na kuipa mng'ao. Ncha ya mviringo huukunja uzi kwa upana zaidi; kona huwa butu, sauti za juu hupungua, na noti hutoka nene na ya upole. Ukingo nao una kazi yake. Piki iliyokatwa tu na kuachwa na kona za mraba hukwaruza zile nyuzi nene zilizoviringishiwa waya, na mkwaruzo huo husikika kabla ya noti. Piki iliyong'arishwa ukingo hadi ikateleza huuachilia uzi bila kelele.

Mfano unaojulikana na wengi ni wa Brian May, mpiga gitaa wa kundi la Queen, kundi la Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. May hupiga kwa sarafu ya zamani ya Uingereza ya peni sita, ambayo ukingo wake una vijino vidogo. Akiilaza sarafu hiyo sambamba na uzi, sauti hutoka laini. Akiigeuza kidogo, vijino huanza kuuparua uzi na sauti huwa na ukali wa pekee. Sarafu ni ile ile, chuma ni kile kile na unene haujabadilika. Kilichobadilika ni sehemu ya ukingo inayogusa uzi.

Kuhusu maumbo, lile ambalo wengi tunalo mifukoni, pembetatu yenye mabega mapana na ncha moja ya wastani, hujulikana kwa namba 351, ambayo ilitokana na orodha ya D'Andrea wa New York, kampuni iliyoanza kutengeneza piki za seluloidi, aina ya plastiki ya kale, mwaka 1922. Ipo pembetatu kubwa yenye ncha tatu zinazolingana, inayopendwa na wapigaji wengi wa besi kwa sababu ina mahali pakubwa pa kushika na ncha moja ikilika unaigeuza. Ipo ile yenye umbo la tone la maji. Na ipo ndogo yenye ncha kali, ambayo maarufu zaidi ni Jazz III ya kampuni ya Dunlop. Hiyo ni ya mpigaji wa solo anayetaka kila noti isikike peke yake, na sishauri ianze mkononi mwa mtu ambaye bado anajifunza kupiga ridhimu, kwa kuwa ncha yake huzama kati ya nyuzi na mkono hukwama.

Unene ni muhimu, sikatai, lakini ueleweke vizuri. Ugumu wa kipande cha plastiki kinapopindwa hauongezeki sawasawa na unene wake, bali huongezeka kwa kipeo cha tatu. Piki ya milimita 1.0 si ngumu mara mbili ya ile ya milimita 0.5 ya malighafi hiyo hiyo. Ni ngumu mara nane. Kutoka 0.60 kwenda 0.88, tofauti ambayo jicho halioni kirahisi, ugumu huzidi mara tatu. Ndiyo maana hatua ndogo kwenye namba husikika kuwa kubwa mkononi.

Shida ya kwetu ni kwamba mara nyingi piki huuzwa zikiwa zimechanganywa katika kopo moja, nyingine zikiwa zimefutika maandishi. Asiye na kipimo cha venia, chombo cha kupimia unene, achukue kadi ya benki iliyokwisha muda. Kadi hizo zimetengenezwa kwa kipimo cha kimataifa cha unene wa milimita 0.76, na ukiiweka piki sambamba na kadi, ukapitisha ukucha kwenye mpaka wao, utajua mara moja kama piki ni nene kuliko 0.76 au ni nyembamba. Piki za Tortex, ambazo nazo ni za Dunlop, hutambulika kwa rangi hata maandishi yakifutika: nyekundu ni 0.50, ya machungwa ni 0.60, njano ni 0.73, kijani ni 0.88, bluu ni 1.0 na zambarau ni 1.14. Mpangilio huo ni wa Tortex peke yake, kwa hiyo usiutumie kwa piki ya kampuni nyingine.

Mlezi wa Kwaya (Moshi)

Ndugu Nyuzi Sita, nakushukuru kwa maelezo haya. Mimi ninaongoza kwaya ambayo haina vyombo vya umeme; tuna ngoma, kayamba na gitaa kavu moja, lile ambalo wazee wa dansi huliita galatoni. Mpigaji wetu anatumia piki nene sana kwa imani kwamba atasikika zaidi juu ya waimbaji, lakini anakata nyuzi mara kwa mara, na bado waimbaji wa nyuma wanalalamika kwamba hawamsikii. Je, aongeze unene au apunguze?

Nyuzi Sita (Arusha)

Mwalimu, shikamoo. Ninamshauri apunguze. Piki nene mikononi mwa mtu anayepiga kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa nguvu haina mahali pa kupinda, kwa hiyo nguvu yote ya mkono huishia kwenye uzi, hasa uzi wa kwanza na wa pili, ambazo ni nyembamba. Piki ya kati ya 0.60 na 0.73 hupinda kidogo na kupita juu ya nyuzi zote sita kwa mfululizo, na kule kupinda kwake hutoa mchapo mdogo ambao katika gitaa kavu hufanya kazi karibu ya kayamba: unapenya katikati ya sauti za waimbaji kwa sababu uko juu kuliko sauti zao. Waimbaji wa nyuma wanahitaji mchapo huo ili washike mwendo, kwa kuwa sauti nene ya kodi humezwa na sauti za besi na tenori za kwaya yenyewe.

Umbo liwe 351, ncha isiwe kali. Vilevile mwambie asipige juu kabisa ya tundu la gitaa, bali asogee kidogo kuelekea daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, ambako sauti ni angavu zaidi. Hilo halina gharama yoyote, na mara nyingi linasaidia kuliko piki mpya.

Besi ya Majengo (Moshi)

Ninapinga hoja kuu ya uzi huu, na ninaipinga kwa heshima. Mimi ninazo piki mbili za umbo la 351, zote za milimita 0.88, moja ya nailoni na nyingine ya seluloidi. Umbo ni lile lile na unene ni ule ule. Ile ya nailoni inatoa sauti ya mviringo, ya seluloidi inatoa sauti angavu, na yeyote aliyekaa upande wa pili wa chumba anatofautisha. Kama malighafi ni ya tatu, tofauti hiyo inatoka wapi?

Nyuzi Sita (Arusha)

Kaka, hoja yako ni nzito na nilitamani iletwe. Tuzitazame piki zako mbili kwa karibu zaidi. Piki ya nailoni humiminwa katika kalibu, kwa hiyo hutoka na kingo ambazo tayari zimepungua unene kuelekea nje na kuwa mviringo. Ya seluloidi hukatwa kutoka kwenye bapa kwa kisu cha mashine, hivyo huanza maisha na kingo za mraba ambazo baadaye hulainishwa kwa kuzungushwa pamoja na vitu vya kusugulia. Kwa macho zote ni 351, lakini ukizipitisha kati ya vidole utahisi kwamba kingo zao si sawa hata kidogo. Pili, nailoni ni laini kuliko seluloidi, kwa hiyo 0.88 ya nailoni haina ugumu wa 0.88 ya seluloidi. Mpigaji anayehama kutoka seluloidi kwenda nailoni mara nyingi hulazimika kupanda ngazi moja ya unene ili mkono wake uhisi kitu kile kile. Ukizipa piki hizo mbili kingo zinazofanana na ugumu unaokaribiana, tofauti itakayobaki ipo, lakini ni ndogo kuliko tunavyoambiwa na matangazo.

Kitakachobaki ndicho ninachokubali kuwa ni cha malighafi yenyewe: msuguano wake juu ya uzi, na uvumilivu wake. Asetali, ambayo jina lake la kibiashara linalojulikana ni Delrin na ambayo ndiyo jamii ya Tortex, huteleza sana juu ya uzi na huchelewa kulika. Ultex, plastiki nyingine ya Dunlop, ni ngumu zaidi, sauti yake ni angavu, nayo huishi muda mrefu. Seluloidi ina sauti nzuri sana lakini ncha yake huisha upesi, nayo hushika moto kwa kasi ya kutisha. Usiiweke karibu na mshumaa wala jiko. Nailoni hunywa unyevu wa hewa na kulegea kidogo, na ikikaa mahali pakavu muda mrefu huwa ngumu na hatimaye kupasuka. Kwa anayepiga kila juma, tofauti hizo zina uzito mkubwa mfukoni kuliko masikioni.

Dada wa Solo (Usa River)

Naomba nilete upande ambao haujaguswa. Mikono yangu hutoka jasho, na ninaposhuka Moshi kupiga, joto la kule ni kubwa kuliko la huku kwetu, kiasi kwamba piki ya asetali huzunguka kati ya vidole katikati ya wimbo. Nimeshauriwa nitumie piki kubwa ili nishike zaidi, lakini ikiwa kubwa ninapoteza uelewa wa ncha iko wapi. Wanawake wenzangu wanaopiga wanajua kwamba vitu vingi vya gitaa vimetengenezwa kwa kiganja kikubwa.

Nyuzi Sita (Arusha)

Dada yangu, usiende kwenye piki kubwa. Kwa solo na kiganja kidogo, ile ndogo ya aina ya Jazz III inakufaa, hasa ya nailoni nyekundu, kwa sababu ina maandishi yaliyoinuka yanayoshika kidole na unene wa milimita 1.38, kwa hiyo haipindi. Kama unaipenda asetali yako, chukua ncha ya kisu au sindano uchore mistari ya kukatizana pande zote mbili, katikati tu mahali pa kidole gumba na cha shahada, usiifikishe karibu na ncha. Wengine hutoboa tundu dogo katikati ili nyama ya vidole ijaze pale na kuzuia mzunguko. Mambo yote mawili hufanya kazi. Mistari ina faida kwamba ikifutika unaichora tena.

Fundi Pembe (Moshi)

Nimevutiwa na mjadala huu kwa kuwa mimi ni mchongaji, na wapigaji kadhaa wameniomba niwachongee piki. Ninawaeleza kwa ufupi malighafi tulizonazo hapa.

Pembe la ng'ombe linafaa sana. Limeumbwa kwa keratini, kitu kile kile kilicho kwenye kucha zetu, na likichemshwa au kupashwa joto hulainika, unalibana kati ya mbao mbili hadi lipoe likiwa bapa. Lazima ukate piki kwa urefu wa pembe, si kwa kukatiza, kwa sababu pembe lina matabaka, na ukikatiza matabaka ncha itachanika. Likikaa bila mafuta hujikunja, hivyo lipakwe mafuta kidogo mara kwa mara. Sauti yake ni ya joto, na ukingo wake hung'aa vizuri kuliko plastiki nyingi.

Mpingo ni mti mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, na watu hudhani kwamba utatoa piki bora. Sauti ni nzuri lakini ncha ya mbao haivumilii nyuzi za chuma. Ukiutaka, piki iwe na unene wa kuanzia milimita 2, na nyuzi za mti ziende kutoka kwenye vidole kuelekea kwenye ncha, la sivyo itavunjika. Kifuu cha nazi ni afadhali kwa gitaa la nyuzi za nailoni; kina mpindo wake wa asili unaokaa vizuri chini ya kidole gumba.

Mjukuu wa Pwani (Arusha)

Fundi, kuna piki ya gamba la ng'amba, aina ya kasa wa baharini, ambayo imekaa nyumbani kwetu tangu enzi za babu, naye alikuwa akisema hakuna piki iliyowahi kuifikia. Je, ni kweli, na je, naweza kuchongewa nyingine ya aina hiyo?

Fundi Pembe (Moshi)

Babu alisema kweli kuhusu sauti. Gamba la ng'amba ni gumu, jepesi, halichoki upesi, na kingo zake zikilika unazing'arisha upya. Biashara yake katika mwambao wetu ni ya kale mno. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza unalitaja gamba hilo miongoni mwa bidhaa zilizotoka Rhapta, bandari ya kale ya mwambao huu. Lakini sitakuchongea, na ninakuomba usimtafute atakayekuchongea. Ng'amba yuko katika hatari kubwa ya kutoweka, na mkataba wa CITES, wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, uliotiwa saini mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, umemweka katika Kiambatisho cha Kwanza, ambacho kinazuia biashara yake ya kimataifa. Usisafiri nayo nje ya nchi hata kama ni ya urithi. Tortex iliingia sokoni mwaka 1981 mahsusi kuiga gamba hilo, na pembe la ng'ombe lililong'arishwa vizuri linakaribia zaidi.

Mwanafunzi wa Gitaa (Moshi)

Shikamooni wakubwa. Je, mtu anaweza kupiga bila piki kabisa? Naona baadhi ya wazee wanatumia vidole.

Nyuzi Sita (Arusha)

Marahaba, mdogo wangu. Inawezekana, na imefanywa kwa ubora wa juu. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, nchini Kongo, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, na Wes Montgomery wa Marekani alipiga jazi kwa kidole gumba peke yake. Hata hivyo hiyo ni njia nyingine yenye mazoezi yake. Usiichague kwa sababu tu hujapata piki inayokufaa.

Kwa kuwa wewe ni mwanafunzi na huenda fedha ni kidogo, nikueleze jinsi ya kujitengenezea. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda, au lile bapa linalobaki unapotoa laini ya simu, ambalo nalo lina unene wa 0.76. Weka juu yake piki unayoipenda, chora mzunguko kwa kalamu, kata kwa mkasi nje kidogo ya mstari, kisha anza kusugua. Maduka ya rangi za magari huuza msasa wa maji. Anza na namba 400 kupata umbo, endelea na 800 kuondoa mikwaruzo, umalizie na 1500 au 2000 ukiwa umeulowesha. Mwisho sugua ukingo juu ya suruali ya jinzi hadi uteleze. Usijaribu kuilainisha kwa moto, maana plastiki nyingi za kadi ni PVC na moshi wake ni sumu kwa mapafu. Piki ya kadi huisha upesi na sauti yake imefifia kidogo, lakini utakuwa umejifunza kwa mikono yako ukingo unafanya nini, na msasa huo huo utaweza kuutumia kurekebisha piki yoyote utakayonunua baadaye.

Besi ya Majengo (Moshi)

Nimefanya kama ulivyoeleza, ndugu Nyuzi Sita. Nimeichukua ile piki ya seluloidi, nikaisugua ukingo kwa msasa wa 800 na wa 2000 hadi ikawa mviringo kama ya nailoni. Tofauti imepungua sana, zaidi ya nilivyotarajia. Haijaisha, na kwenye gitaa la besi bado ninaisikia katika nyuzi mbili nene, kwa hiyo sijahama kabisa kutoka kwenye hoja yangu. Swali langu sasa ni la mshazari. Nimeona piki za gharama zimechongwa ukingo kwa mshazari upande mmoja wa ncha. Je, nichonge pande zote au upande mmoja?

Nyuzi Sita (Arusha)

Inategemea jinsi unavyoishika. Karibu hakuna anayeishika piki ikiwa sambamba kabisa na uzi. Wengi tunaiinamisha kidogo, na kwa hiyo ni kona moja ya ukingo inayokutana na uzi wakati wa kushuka, na kona iliyo kinyume nayo, upande wa pili wa bapa, wakati wa kupanda. Chukua piki yako kuukuu uichunguze mahali palipo na mwanga mzuri. Utaona imelika kwa mshazari katika kona hizo mbili, na mkono wako ndio ulioichonga hivyo kwa kuipiga. Ichonge mpya kufuata mshazari huo huo, taratibu, kwa msasa wa 800, ukijaribu kwenye gitaa kila baada ya misuguo michache, kwa sababu ukishaondoa plastiki huwezi kuirudisha. Anayepiga kwa mkono wa kushoto ageuze: kona zake ni zile mbili ambazo wewe huzigusi, kwa hiyo msiazimane piki zilizochongwa mshazari hata kama mnatumia unene mmoja.